UZI: Ripoti yako ya mikopo, isome wewe kabla mkopeshaji hajaisoma

MsomaRipoti (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekaa dawati la mikopo muda mrefu na kuna kitu kinaniumiza kila nikikiona. Mtu anakataliwa mkopo, anaambiwa skoa yako, yaani ile namba inayopima unavyoaminika kulipa, iko chini, anatoka pale anaanza kuhangaika namba itapandaje, na ripoti yenyewe iliyozaa hiyo namba hajawahi kuifungua hata siku moja. Namba haitoki hewani wakuu. Inapigwa kutokana na mistari iliyoandikwa kwenye ripoti, na mistari hiyo hujaiandika wewe, wameiandika wakopeshaji wako, na wao wanakosea sana tu, wanakosea majina, wanakosea tarehe, wanasahau kufunga mkopo uliokwisha. Ndo maana nataka tuanze na ripoti, skoa tutaikuta mbele ya safari.

Kwanza tujue nani anafanya nini. Mkopeshaji, awe benki, chama cha kuweka na kukopa, kampuni ya mikopo ya simu au anayekupa kadi ya mkopo, ndo anapeleka taarifa zako, mara nyingi kila mwezi. Taasisi ya taarifa za mikopo, wengi tunaita byuro au CRB, inapokea na kuziunganisha na jina lako na namba ya kitambulisho chako, inatunza. Ukienda kukopa kwingine, huyo mpya anaichukua ripoti anaisoma anaamua mwenyewe. Byuro haimnyimi mtu mkopo wala haiwezi kumpa, na ukiujua huu mzunguko utajua pia kosa likitokea unamfuata nani.

Ukiifungua ripoti, sehemu ya kwanza ni utambulisho: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, simu, anwani ulizowahi kutumia, wakati mwingine na mwajiri. Watu wanairuka hii wanakimbilia madeni. Mi nakuomba uisome taratibu kuliko zote, kwa sababu ukikuta anwani ambayo hujawahi kuishi au jina la tatu ambalo si lako basi kuna mawili, faili lako limechanganywa na la mtu mwingine mnayefanana majina, au kuna mtu anakopa kwa kitambulisho chako. Huko chini kwenye madeni utakuta ushahidi wake.

Inafuata mikopo yenyewe. Kila mkopo una jina la mkopeshaji, tarehe uliyoanza, kiasi cha mwanzo au limiti (kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa), salio la sasa, kiasi kilichochelewa, na kale kakalenda ka mwezi kwa mwezi kanakoonyesha ulilipa kwa wakati au ulichelewa siku 30, 60, 90 na kuendelea. Angalia sana hapo kwenye 90, kwa sababu sehemu nyingi duniani benki zikifika siku 90 ndo zinauhesabu mkopo kuwa chechefu, yaani mkopo uliokwama kulipwa, na mkopo chechefu unasomeka tofauti kabisa na mtu aliyechelewa wiki mbili akalipa.

Halafu kuna orodha ya walioomba kuiona ripoti yako na tarehe zao, na kwenye baadhi ya nchi hukumu za mahakama za madai na kufilisika. Mshahara wako na akiba yako ya benki kwa kawaida havimo, dini yako haimo. Ndo maana mtu mwenye kipato kizuri anaweza kuwa na ripoti mbaya na mwenye kipato kidogo akawa na ripoti safi kabisa, nimewaona wote wawili wakikaa kiti kimoja mbele yangu.

Sasa kuna mstari mmoja unapoteza watu wengi nikaona niuseme hapahapa mwanzo. Ukikuta mkopo umeandikwa umefutwa kwenye vitabu, usishangilie. Hilo ni jambo la kihasibu la mkopeshaji, amekata tamaa ya kuupata akautoa kwenye mali zake, Marekani kwa mfano kadi ya mkopo inafutwa hivyo ikifika siku 180 bila malipo. Lakini deni bado unadaiwa, anaweza kuliuza kwa kampuni ya kukusanya madeni, anaweza kukushtaki, na kwenye ripoti ni moja ya alama mbaya kuliko zote. Nimeona watu wamekaa miaka wakiamini wamesamehewa.

Karibuni maswali, nitajibu ninachokijua.

nuru_asubuhi

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi deni langu nililimaliza lote na risiti ninayo, lakini juzi nimeenda kuomba wakanambia bado naonekana kwenye CRB. Hii si dhuluma? Nililipa kwa ajili gani sasa?

MsomaRipoti

Dada yangu pole, naelewa inavyouma. Ila kuna vitu viwili hapo na vina dawa tofauti, kwahiyo fungua ripoti uone kipi ni chako.

Kama mkopo unaonekana salio sifuri na hali imeandikwa umelipwa, ila kalenda ya nyuma bado inaonyesha ulichelewa, hiyo sio kosa. Kulipa kunabadilisha hali ya mkopo, hakufuti historia. Historia ina muda wake wa kukaa kisheria na kila nchi ina hesabu yake. Kenya taarifa mbaya inakaa miaka 5 kuanzia siku ulipomaliza kulipa. Uingereza ni miaka 6 tangu mkopo ulipotangazwa umeshindikana. Marekani ni miaka 7 kuanzia ulipoanza kuchelewa na hukurudi tena kwenye mstari, na kufilisika kwa aina fulani kunakaa hadi miaka 10. Angalia tofauti iliyopo hapo, kwenye mfumo wa kwanza saa inaanza ukilipa, kwahiyo kila mwezi unaochelewa kulipa unajiongezea kifungo mwenyewe. Kwenye hiyo mingine saa inatembea tu ulipe usilipe. Kabla hujapanga chochote ujue sheria ya kwenu inahesabu kuanzia wapi.

Kama mkopo unaonekana una salio wakati risiti unayo, hilo ni kosa na una haki ya kulirekebisha, na hawaruhusiwi kukuacha hivyo. Mara nyingi ni uzembe tu, mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya baada ya wewe kulipa. Anza kwake, mwombe barua ya kumaliza deni yenye tarehe na namba ya mkopo, halafu peleka nakala byuro.

Na kulipa hakukuwa bure dada. Afisa anayesoma ripoti anatofautisha aliyechelewa akamaliza na aliyechelewa akatokomea. Wakopeshaji wengi aliyetokomea hata hawamjadili.

dereva_wa_usiku

Mkuu mimi yangu ni hivi, deni moja linaonekana mara mbili. Benki imo na kampuni ya kudai nayo imo, kiasi kilekile. Ni sawa?

MsomaRipoti

Kuonekana mistari miwili inaweza kuwa sawa, kuonekana SALIO mara mbili sio sawa. Benki ikishauza deni, mstari wake unatakiwa usome sifuri na kuandikwa limeuzwa au limehamishwa, na salio libaki kwa aliyenunua tu. Ukikuta wote wawili wanadai kiasi kilekile unaonekana una madeni maradufu, pinga hilo leo.

Na angalia tarehe kaka. Mnunuzi wa deni wakati mwingine anaandika tarehe ya kushindwa kulipa kuwa ile siku aliyonunua yeye, deni la zamani linaonekana bichi na muda wa kukaa kwenye ripoti unaanza upya. Hairuhusiwi. Deni likiuzwa mara ngapi sijui, tarehe ya kwanza kushindwa inabaki ileile. Tafuta stetimenti ya zamani ya benki inayoonyesha malipo yako ya mwisho, huo ndo ushahidi.

Nikiwa hapohapo niongeze, kuna saa mbili zinatembea na watu wanazichanganya. Moja ni muda wa deni kukaa kwenye ripoti. Nyingine ni muda wa mkopeshaji kuweza kukupeleka mahakamani. Hazifanani urefu na haziendi pamoja. Uingereza na majimbo mengi ya Marekani ukilipa kidogo au ukikiri deni kwa maandishi kabla muda wa mahakama haujaisha unaweza kuianzisha upya ile saa ya mahakama, hata kama ripoti haibadiliki. Ndo maana mtu wa kukusanya madeni anakubembeleza utume chochote hata kidogo "kuonyesha nia". Kwa deni la zamani sana usitume kitu kabla hujaujua umri wake na sheria yenu inasemaje, na dai uthibitisho wa maandishi kwamba kweli deni ni lako na yeye ndo mmiliki.

kijana_mpya

Bro na hiyo skoa inapigwaje? Mi naona tu inapanda inashuka kwenye apu sielewi. Na kuna jamaa kasema ukiicheki mara nyingi inashuka.

MsomaRipoti

Mdogo wangu huyo jamaa kakupotosha. Ukijiangalia mwenyewe haishuki hata kidogo. Kuna maombi ya aina mbili, la kwanza ni wewe mwenyewe ukijiangalia au mkopeshaji wako wa sasa akikupitia, hilo halihesabiwi. La pili ni pale umeomba mkopo mpya na mkopeshaji akavuta ripoti ili aamue, hilo linahesabiwa. Kwahiyo jiangalie kwa amani.

Kuhusu inavyopigwa, kanuni ziko nyingi na kila byuro ina yake, ila inayojulikana zaidi duniani ni ya FICO, kampuni iliyoanzishwa na Bill Fair na Earl Isaac mwaka 1956, na skoa yao ya matumizi ya jumla ikatoka 1989. Inaanzia 300 hadi 850. Wenyewe wameweka wazi uzito: historia ya malipo asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, umri wa historia yako asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10 na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Kwenu kanuni inaweza kuwa nyingine na kipimo kingine, India wanaenda mpaka 900, ila mpangilio wa umuhimu huwa haupishani sana, kulipa kwa wakati ndo kunabeba mzigo mkubwa.

Ile asilimia 30 ndo inayofanya skoa yako icheze kila mwezi kama una kadi ya mkopo. Wanachukua salio wanagawanya kwa limiti. Limiti ikiwa 1,000 na salio 900 umetumia asilimia 90, unaonekana umebanwa hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Wengi wanashauri usizidi asilimia 30, na wenye skoa za juu kabisa wanakaa chini ya 10. Sasa sikiliza hapa, kwa kawaida salio linalopelekwa byuro ni la siku stetimenti ya kadi (hesabu ya mwezi) inapofungwa, sio la siku ya mwisho wa kulipa. Mtu anatumia karibu limiti yote, stetimenti inafunga, analipa yote wiki mbili baadae bila riba, anajiona mtu safi na kweli ni msafi, lakini ripoti inaonyesha kila mwezi kadi imejaa. Dawa yake ni kulipa sehemu kubwa siku chache KABLA stetimenti haijafungwa. Hii ndo njia ya haraka kuliko zote ninazozijua za kusogeza skoa kihalali, kwa sababu kanuni nyingi zinaangalia salio la mwezi huu tu kwenye kipengele hiki, hazikumbuki la mwezi jana.

Usifunge kadi ya zamani kwa sababu huitumii, labda kama ina ada inayokuumiza. Ukiifunga limiti yake inatoka kwenye hesabu, na kama una salio kwenye kadi nyingine asilimia yako inapanda.

Na kama huna kadi, unaishi na mikopo ya simu tu, basi kinachosomwa kwako ni idadi ya mikopo iliyo wazi kwa wakati mmoja, ulilipa kwa siku iliyopangwa au ulisogeza, na umeomba sehemu ngapi ndani ya muda mfupi. Mtu mwenye mikopo midogo mitano wazi kwa wakopeshaji watano anaonekana anakopa huku kulipa kule, hata kama jumla yake ni ndogo. Mi nikiona hivyo nilikuwa nauliza maswali mengi sana.

kijana_mpya

Nimekuelewa bro. Na mtu ambaye hana historia kabisa? Mimi naonekana sina rekodi na bado wananinyima, nikope nini sasa wakati hawanikopeshi.

MsomaRipoti

Hiyo ni shida ya kweli na sio kosa lako. Kwa FICO unahitaji angalau mkopo mmoja wenye miezi 6 na taarifa iliyopelekwa ndani ya miezi 6 iliyopita, pungufu ya hapo hawakupigii skoa kabisa. Njia ya kuanzia ni mkopo au kadi yenye dhamana ya akiba yako mwenyewe, unaweka hela, wanakupa limiti inayolingana, mkopeshaji hana hatari hivyo hakukatai kirahisi. Kabla hujasaini muulize swali hili: mnapeleka taarifa za malipo MAZURI byuro, na byuro ipi? Kuna wanaopeleka mabaya tu. Ukilipa kwa huyo mwaka mzima huonekani popote.

Usikope hela usiyoihitaji ukalipa riba ili tu uonekane. Limiti ndogo, matumizi madogo ambayo ungeyafanya hata hivyo, unalipa yote kila mwezi. Muda utafanya kazi yake, na huo muda hakuna wa kukuuzia.

msafishaji_express

Wadau mwenye shida ya CRB anicheki inbox, nasafisha ripoti ndani ya siku 3, naondoa madeni yote mabaya, malipo kwanza kazi baadae. Guarantee.

MsomaRipoti

Wakuu MSIMCHEKI huyu. Naomba modereta aiache hii post hapo juu ili watu waione na majibu yake.

Hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kuondoa taarifa ya kweli ambayo muda wake haujaisha. Taarifa ya uongo unaiondoa mwenyewe, aidha bure au kwa gharama ndogo ya kupata ripoti. Wanachofanya hawa ni kupinga kila mstari kwa mkupuo, byuro wakati inachunguza mistari mingine inafichwa au kuwekewa alama, wanakupigia picha ripoti ikiwa hivyo wanakwambia imesafishwa, wiki kadhaa baadae mkopeshaji anathibitisha na yote yanarudi. Hela yako imeenda. Mbaya zaidi umempa kitambulisho chako, tarehe ya kuzaliwa, saa nyingine na PIN, yaani umemkabidhi kila kitu anachohitaji kukopa kwa jina lako. Marekani walitunga sheria kabisa mwaka 1996 inayokataza hizi kampuni kuchukua malipo kabla kazi haijakamilika, ujue shida ilikuwa kubwa kiasi gani.

Na akikwambia utumie namba mpya ya utambulisho ili uanze faili jipya, kimbia, hiyo ni jinai na mshtakiwa utakuwa wewe uliyesaini fomu.

mama_mapacha

Mwalimu ubarikiwe, nasoma uzi huu tangu juu. Swali langu, nilimdhamini shemeji yangu mkopo, yeye kaacha kulipa na simu hapokei. Je na mimi naharibikiwa? Na nina mikopo yangu mingine mitatu, miwili nimeanza kuchelewa. Hela niliyonayo haitoshi yote, nianze na upi?

MsomaRipoti

Pole sana dada. Nianze na udhamini. Ukishasaini udhamini deni ni lako kisheria pale mkopaji anaposhindwa, na sehemu nyingi linaonekana kwenye ripoti yako kama mdhamini, kama sio sasa basi siku mkopeshaji atakapokugeukia. Usisubiri shemeji apokee simu. Nenda mwenyewe kwa mkopeshaji, una haki ya kujua salio na siku zilizochelewa kwa sababu umesaini, na ongea nao habari ya kupanga upya malipo kabla haijafika siku 90. Mambo ya shemeji mtayamaliza kifamilia au kwa sheria, mkopeshaji hayamhusu. Ni hivyohivyo kwa wanandoa wenye mkopo wa pamoja wakiachana, makubaliano yenu kwamba fulani atalipa hayambani mkopeshaji, kama jina lako limo akichelewa mwenzio umechelewa na wewe.

Mpangilio wa kulipa, mi ningefanya hivi. Ule mkopo ambao haujachelewa uulinde kwanza, usiuache uingie kwenye kundi la wenzake, hata kama mwingine anakupigia kelele zaidi. Halafu angalia hiyo miwili imechelewa siku ngapi. Kama mmoja una siku 20 na mwingine 70, wa siku 20 uurudishe kabla haujavuka 30, kwa sababu kwenye mifumo mingi chini ya siku 30 hata hauandikwi kuwa umechelewa. Halafu wa siku 70 usivuke 90. Deni la zamani lililokwishafutwa vitabuni, kama lipo, kwa upande wa ripoti linaweza kusubiri maana uharibifu wake umeshatokea, ila kama wameshakuletea barua ya mahakama linaruka foleni linakuja mbele. Na kama mkopo umewekewa dhamana nyumba au chombo cha kazi, huo unalipwa kabla ya yote niliyosema, kwanza mle na mlale mahali.

Usiogope kupiga simu kabla hujashindwa. Mkopeshaji ana nafasi kubwa ya kukusogezea tarehe au kukupunguzia rejesho wakati bado hujaharibika kuliko baada. Muulize marekebisho hayo atayaripoti vipi byuro, na akupe kwa maandishi.

Akikupa punguzo, yaani ulipe sehemu afunge deni, hapo pia pata barua KWANZA ndo ulipe, barua iseme kiasi, tarehe, kwamba hakuna salio litakalobaki, na ataandikaje kwenye ripoti. Deni lililofungwa kwa makubaliano ya pungufu linasomeka dhaifu kuliko lililolipwa lote, ila ni bora mara nyingi kuliko linaloning'inia. Nimeona watu wamelipa kwa ahadi ya simu, aliyeahidi kaacha kazi, salio likarudi na riba juu.

dereva_wa_usiku

Mkuu nirudi kwenye kupinga. Hiyo barua inaandikwaje? Nilijaza fomu yao nikaandika maelezo marefu sana hawajajibu.

MsomaRipoti

Maelezo marefu ndo yanaua malalamiko mengi kaka. Anayesoma ana rundo mezani. Kosa moja, aya moja. Andika jina lako kamili na namba ya kitambulisho, namba ya ripoti na tarehe yake, mkopeshaji na namba ya mkopo, kinachosomeka sasa, kinachotakiwa kusomeka, na ushahidi unaoambatanisha. Basi. Habari ya jinsi ulivyoteseka iache nje hata kama ni ya kweli. Ambatanisha nakala, asili zibaki kwako. Peleka byuro na kwa mkopeshaji kwa wakati mmoja, maana byuro ikirekebisha peke yake mkopeshaji mwezi ujao anapeleka faili lilelile bovu na kosa linarudi.

Peleka kwa njia yenye alama ya kupokelewa, emaili au barua iliyogongwa muhuri, uwe na tarehe. Tarehe ni muhimu kwa sababu kuna muda wa kisheria wa kujibu, Marekani kwa kawaida siku 30, Afrika Kusini siku 20 za kazi. Muda ukipita bila jibu unapanda kwa msimamizi, sehemu nyingi ni benki kuu au mamlaka ya ulinzi wa mlaji au wa taarifa binafsi, na hiyo nakala yenye muhuri ndo inakufungulia mlango.

Ukishinda subiri mzunguko mmoja wa taarifa upite kisha vuta ripoti tena uhakikishe. Ukishindwa na bado unaamini una haki, nchi kadhaa zinakuruhusu kuweka maelezo yako kwenye ripoti, Uingereza hadi maneno 200. Hayapandishi skoa ila afisa akifungua faili anayaona.

nuru_asubuhi

Na byuro zikiwa zaidi ya moja? Nimecheki moja iko safi nikaridhika.

MsomaRipoti

Usiridhike bado dada. Wakopeshaji hawapeleki wote kila mahali, na anayekukopesha anaweza kuwa anasoma ile ambayo hujaiangalia. Zivute zote. Nchi nyingi zinakupa angalau moja bure kwa mwaka kwa kila byuro, Kenya na Afrika Kusini ni hivyo, Marekani siku hizi ni kila wiki bure kwa byuro zao kubwa zote 3. Kama unapanga mkopo mkubwa, nyumba au biashara, zivute miezi minne mitano kabla, kwa sababu kupinga kosa kunakula muda na ukigundua siku ya kusaini umechelewa. Siku ya kuomba yenyewe, kama unalinganisha wakopeshaji wa nyumba au gari, yafanye maombi yote ndani ya muda mfupi. FICO wanayahesabu kama ombi moja yakiwa ndani ya siku 14 hadi 45 kutegemea toleo la kanuni, ila kwa mikopo midogo ya simu usitegemee huruma hiyo.

mama_mapacha

Mwalimu nimerudi. Nimevuta ripoti kama ulivyosema, udhamini umo kweli, ila kuna na mkopo mwingine wa kampuni nisiyoijua kabisa. Nilipinga kwenye mtandao wao, wamejibu mstari mmoja tu "imethibitishwa na mkopeshaji". Nimeishiwa nguvu.

MsomaRipoti

Usiishiwe nguvu dada, hapo ndo kazi inaanza, na jibu la namna hiyo huwa lina maana mkopeshaji kalinganisha tu jina na namba ya kitambulisho akaona vinafanana. Vitafanana bila shaka, aliyekopa alitumia vyako.

Mwandikie mkopeshaji moja kwa moja na umwombe vitu vinne: nakala ya mkataba, sahihi au rekodi ya jinsi mkopo ulivyokubaliwa, namba ya simu iliyotumika kuomba, na akaunti au laini ILIYOPOKEA hela. Hicho cha mwisho ndo hawawezi kukiruka, mkopo lazima uliingia mahali. Kabla ya barua nenda polisi uripoti kutumika kwa kitambulisho chako, pata namba ya jalada, iandike kwenye barua zote. Byuro waombe wafunge faili lako au waliwekee alama ya tahadhari ili mkopo mpya usitoke bila wewe kuthibitishwa. Marekani kufunga ni bure tangu Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya byuro yao moja, Equifax, kuvujisha taarifa za watu kama milioni 147, kwingine ulizia wana utaratibu gani. Angalia pia kwenye ile orodha ya walioomba ripoti yako, ukikuta majina mengine usiyoyajua ya tarehe za karibu, huyo mtu alijaribu na sehemu nyingine, waandikie na hao leoleo kabla haijawa mikopo.

Usilipe hata senti ya huo mkopo "ili yaishe", ukilipa umekiri kuwa ni wako. Wakikujibu na laini iliyopokea hela usiiweke hapa jukwaani, peleka kwa mpelelezi mwenye jalada lako, halafu njoo useme tu wamejibu nini kuhusu mkataba tuone barua inayofuata inaandikwaje.